Dawa inaiga au inaigiza?

SWALI: Naandaa kipindi cha redio kuhusu dawa zinazofanya kazi kama homoni ya tezi ili kushusha lehemu na kukinga mishipa ya moyo isizibe. Niliandika “zinazoigiza homoni”. Mhariri akakata, akaweka “zinazoiga”. Nani kakosea?

JIBU: Wewe. Igiza limetokana na iga, ila limehamia jukwaani. Anayeigiza ufalme, mchezo ukiisha anavua taji na hakuna aliyetawaliwa. Dawa hizi hazijifanyi. Resmetiromu, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024 kwa watu wenye ini lililojaa mafuta na kuota makovu, hushika kipokezi kilekile kinachoshikwa na homoni, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wake, na lehemu ya damuni hushuka kweli. Mtoto anayeiga mwandiko wa mwalimu huandika herufi zinazosomeka.

Nakuomba lakini useme zinaiga wapi. Dekstrothairoksini ya zamani iliiga kupita kiasi: ilishusha lehemu, ikauchapuza na moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliondolewa kwenye utafiti mkubwa huko Marekani kwa kuwa vifo vilizidi kwa waliopewa. Za sasa hulenga kipokezi cha aina ya beta, ambacho ndicho kilichotawala kwenye ini. Moyoni hutawala cha alfa. Basi andika “dawa zinazoiga kazi ya homoni kwenye ini”.

Tezi usiiache peke yake hewani, wanaume watadhani ni tezi dume. Dundumio ni jina zuri, lakini mama anayesikiliza huku akimenya ndizi atalielewa haraka ukilitanguliza na “tezi ya shingoni”. Lehemu ni sawa, ingawa fundi redio naye anayo yake, ya kuungia waya. Kwake sema kolesteroli. Na “ugonjwa wa mishipa” kwa wazee wa pwani ni ngiri au busha! Taja mishipa ya damu ya moyo.

Limebaki neno kukinga. Kwamba dawa hizi zinashusha lehemu, hilo limepimwa. Kwamba zinakinga mishipa ya moyo, bado halijathibitishwa. Hapo Kiswahili kina “zinatarajiwa kukinga”, na mhariri wako asilikate.