Kijana kamaliza form four, anashinda kijiweni: kazi ya msimu inasaidia?

Kamwene wakuu. Dada, umeuliza kama inafaa kumtoa mdogo wako hapo Mwanjelwa, Mbeya, aende kazi ya msimu. Ana miaka 17, kamaliza mtihani Novemba, anashinda kijiweni, na wenzake wawili wameshalala polisi. Mimi nina mashamba ya miti huku Mufindi, Iringa, na msimu wa kupanda huanguka hapohapo, mvua zikishakolea Desemba. Nimechukua vijana wa namna hiyo misimu minne. Mlete, ila chunguza msimamizi kabla ya kuchunguza kazi.

Msimu wa kwanza niliharibu mwenyewe. Niliwaweka saba kambini chini ya nyapara aliyejua kuhesabu mashimo na kutukana, basi. Malipo nikasema mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu wanne wakatoroka usiku na majembe yangu mawili. Waliobaki nikawalipa zote kwa mkupuo, na mmoja akaziteketeza kwenye mikeka ya kubeti Mafinga mjini siku hiyohiyo. Hela ilikuwa yake, sikuwa na la kusema. Iliniuma lakini.

Mwaka uliofuata nikamweka mzee mmoja mstaafu wa misitu. Mpole? Wapi. Ila alimjua kila kijana kwa jina, na asiyeonekana saa moja asubuhi mzee alimfuata kitandani kumuuliza kuna nini. Ukikosea nafasi ya mita tatu kwa tatu, unafukia unachimba upya, wenzako wanakucheka, yanaisha. Malipo kila Jumamosi. Hakutoroka mtu. Kilichonishangaza ni ugomvi: vijana waliozoea ngumi, kufika Januari walikuwa wanashtakiana kwa mzee.

Baadaye nikasoma habari za Chicago, nikajikuta naitikia kwa kichwa. Mwaka 2012 vijana 1,634 wa shule za mitaa yenye vurugu walichezeshwa bahati nasibu ya nani apate kazi ya kiangazi. Waliopata walipewa wiki 8, saa 25 kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara, na mtu mzima wa kuwalea kazini. Ndani ya miezi 16, kukamatwa kwao kwa makosa ya kupigana na kujeruhi na mengine ya aina hiyo kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko kwa waliokosa. Na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilijitokeza kazi ikiwa imeshaisha, kwa hiyo si kwamba walichoka tu wakakosa muda wa kijiwe. Kipato ni habari nyingine. New York wana mpango kama huo wa miaka mingi, na waliofuatiliwa hawakuonekana kupata mishahara mizuri zaidi baadaye. Kwa hiyo usimtume ukidhani atarudi na ajira.

Kuna aliyekushauri kijana achukue mkopo wa halmashauri. Kasahau: ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vijana ni ya vikundi, na ni kuanzia miaka 18.

Halafu muulize mwajiri yeyote atamweka wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi hatarishi. Kwangu hao hawashiki chenso wala hawapulizi dawa. Wanasomba miche na kupanda. Akikujibu "huku wote wanafanya kazi zote", mrudishe kijana nyumbani.

Akija, aje na koti zito na gambuti. Simu iwe ya kitochi, ile kubwa aiache kwa mama yake.