Wastani wa mvua ya bonde: mbona sisi wa Same hatuioni?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku Same. Mkutanoni tumeambiwa kwamba Bonde la Pangani msimu huu limepata mvua nzuri kwa wastani. Mahindi yetu yamekauka kabla ya kubeba. Huo wastani unapatikanaje? Wanajumlisha vipimo vyote na kugawanya?
Msomaji, Same

JIBU: Marahaba, dada. Pole sana kwa mahindi. Nimefanya kazi ya vipimo vya maji sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali lako ndilo ningependa liulizwe kila mkutano.

Kujumlisha na kugawanya kunafaa kwenye nchi tambarare yenye vipima mvua vilivyosambaa sawasawa. Pangani si hivyo hata kidogo. Bonde lina zaidi ya kilomita za mraba 40,000, na ndani yake mna msitu wa kusini mwa Kilimanjaro unaopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mna nyika isiyofikisha 600. Ninyi mko nyuma ya Milima ya Pare: upepo wa kutoka Bahari ya Hindi huangusha mvua upande wa mashariki, ukifika kwenu umeshakauka.

Halafu angalia vipima mvua viko wapi. Tangu zamani viliwekwa palipo na mtu wa kuvisoma: misheni, mashamba ya kahawa, vituo vya utafiti, shule. Yaani Machame, Kibosho, Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nyikani vipo vya kuhesabika. Ukigawanya tu, milima inapiga kura nyingi kuliko ardhi yake.

Nikupe mfano wa hesabu, namba nimezitunga. Bonde dogo la kilomita za mraba 1,000 lina vipima mvua vinne vilivyosoma milimita 1,800, 1,500, 600 na 450. Ukijumlisha na kugawanya kwa nne unapata karibu 1,088. Sasa kipe kila kimoja eneo lake: cha kwanza kilomita za mraba 80, cha pili 120, cha tatu 350, cha nne 450. Zidisha kila mvua kwa eneo lake, jumlisha, gawanya kwa 1,000. Unapata karibu 737. Tofauti ni milimita 351. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, kwa hiyo hapo umeahidi watu mita za ujazo milioni 351 ambazo hazikunyesha. Ukigawa vibali vya maji kwa namba hiyo, mto utakauka na watu watagombana mferejini.

Maeneo hayo hupatikana kwa njia aliyoieleza Mmarekani Alfred Thiessen mwaka 1911. Unaunganisha vituo jirani kwa mistari, unakata kila mstari katikati kwa pembe mraba, na kila kituo kinabaki na kipande cha ardhi kilicho karibu nacho kuliko kituo kingine. Ni njia safi, lakini haijui mlima. Kwenye ramani kituo cha Marangu kinaweza kumiliki msitu ulio juu yake pamoja na jangwa la kileleni, wakati mvua ya Kilimanjaro upande wa kusini huongezeka hadi karibu mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kisha hupungua mpaka juu.

Ndiyo maana mimi napendelea mistari ya mvua sawa, yaani inayounganisha mahali panapopata mvua ileile, inayochorwa na mtu anayeijua nchi: wapi upepo unapiga, wapi ni kivulini. Inachosha, na wachoraji wawili hawatoi ramani moja. Siku hizi kuna makadirio ya setilaiti pia, kama CHIRPS, yanayoanzia mwaka 1981 kwa vipande vya kama kilomita tano. Yanasaidia sana nyikani. Milimani yapimwe upya kwa vipima mvua vilivyo ardhini, kwa sababu setilaiti husoma zaidi ubaridi wa kilele cha wingu, na mvua nyingi ya mlimani hutoka kwenye mawingu mafupi yasiyo baridi sana.

Hata wastani uliokokotolewa vizuri ni wa kujua maji yote yaliyoingia bondeni, na kukadiria yatakayofika bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale. Hauwezi kumjibu mkulima wa Same, na aliyeutumia kuwanyamazisha amekosea. Mkutano ujao ulizeni: vituo gani vilitumika, na kila kimoja kimepewa eneo gani?

Na wekeni kipima mvua shuleni, uwanjani, mbali na miti na mapaa. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri, msiache wazi. Nafasi tupu daftarini hakuna ajuaye kama ni ukame au msomaji alisafiri, na mwaka wenye nafasi tupu nyingi huwekwa kando wakati wa kukokotoa.