Mama mkubwa hayumo kwenye fomu

Juzi asubuhi nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nikafungua simu pale pale kwenye maegesho nikakuta rifandi, ile pesa ya kodi inayorudishwa, imeingia. Yote. Bila barua, bila maswali. Nilicheka peke yangu ndani ya gari mpaka mwenzangu wa zamu akagonga kioo kuuliza kama niko salama.

Sijafika hata nyumbani, ukaingia ujumbe wa msomaji. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Dada, mwaka huu nafaili mwenyewe. Nakaa na mtoto wa mama yangu mkubwa, ana miaka 13, yuko kwangu tangu Desemba 2024. Ni mdogo wangu kabisa. Watu wananiambia nimuweke nipate ile 2,200. Nimuweke?"

Kicheko kikakatika. Kufaili ni kupeleka fomu ya kodi ya mwaka hapa Marekani, kumuweka ni kumwandika mtoto kwenye hiyo fomu, na ile 2,200 ni dola za pesa ya watoto. Swali hilo mimi nililijibu vibaya mwaka 2023, likanila miezi tisa na ndugu mmoja.

Wengi mnaonisoma mko kama mimi. Mimi niko Columbus, Ohio, natunza wazee, nyumbani ni Tanga. Tuna zamu mbili, tuna kiwanja kinachosubiri matofali, tuna watu wanaotupigia simu kila Ijumaa, na Februari tunaisubiri kama watoto wanavyousubiri mwezi wa Idi. Basi tusifichane.

Kwanza jina. Hapa mtu akisema taksi ujue anazungumzia kodi, si gari la kukodi. Na hii pesa ya watoto si mkopo, ingawa jina lake la Kiingereza, Child Tax Credit, limewafanya wengi wadhani ni mkopo. Namjua mama aliyekaa miaka miwili bila kuiomba akiogopa kuja kudaiwa! Ni unafuu wa kodi. Kwa mwaka 2025 kila mtoto ambaye hajatimiza miaka 17 ilipofika Desemba 31 anakupunguzia kodi hadi dola 2,200. Kodi yako ikiisha kabla unafuu haujaisha, sehemu ya kilichobaki unarudishiwa mkononi, isizidi 1,700 kwa mtoto. Hesabu yake iko kwenye fomu inayoitwa Schedule 8812: toa 2,500 kwenye kipato chako cha kazi, kinachobaki chukua senti 15 kwa kila dola. Aliyepata 14,000 anabaki na 11,500, na asilimia 15 yake ni 1,725. Hata awe na watoto watatu, ni hiyo 1,725. Ndiyo maana jirani yako mwenye idadi ile ile ya watoto anapata zaidi yako. Si mjanja kukushinda, amefanya kazi saa nyingi zaidi.

Haya, sasa kisa changu.

Desemba 2021 mdogo wangu alipata kazi Texas, ya kutunza wagonjwa majumbani, kazi ya kulala huko huko. Akaniachia binti yake wa miaka tisa. Ninaposema mdogo wangu, ni mtoto wa mama mdogo. Tumelelewa nyumba moja Ngamiani, tumegombania kitanda kimoja. Binti ananiita mama mkubwa. Alizaliwa hapa hapa Marekani, namba ya sosho, ile ya Social Security, anayo, nikamwandikisha shule, nikamsuka nywele kila Jumapili, nikakesha naye alipougua sikio. Mama yake alisema kwa simu, "Dada, taksi muweke wewe, mimi simuweki." Nikaona mambo yamenyooka.

Februari 2023 nikaenda kwa mtu wetu wa taksi. Alikuwa na meza nyuma ya duka la dagaa na unga wa muhogo, na foleni ilifika mpaka kwenye friji la samaki. Ilipofika zamu yangu nikataja wanangu wawili na binti, akauliza, "Huyu wa tatu ni nani wako?" Nikajibu kama ambavyo ungejibu wewe: "Mtoto wangu. Mtoto wa mdogo wangu." Hakuuliza wa tumbo moja au wa mama mdogo. Akaandika neno la Kiingereza la mtoto wa ndugu, akapiga tiki.

Hiyo tiki nataka muione. Kwenye fomu 1040, fomu kuu ya kodi, ya mwaka ule, mbele ya jina la kila mtoto kulikuwa na visanduku viwili vidogo, vimekaa bega kwa bega. Kimoja cha pesa ya watoto, kingine cha wategemezi wengine. Cha kwanza kilikuwa hadi 2,000 wakati ule, na kwa kipato kama changu sehemu kubwa inarudi mkononi. Cha pili ni 500, tena za kupunguza kodi tu. Binti yetu alistahili kisanduku cha pili. Tiki ilikaa kwenye cha kwanza, umbali wa upana wa kidole.

Kwa sababu sheria yao inahesabu hivi: mtoto wako wa kuzaa, wa kambo, wa kuasili, au wa kulea aliyeletwa na mahakama au shirika lenye idhini. Kaka na dada zako, hata wa baba mmoja mama mbalimbali. Na wazao wa hao wote, yaani wajukuu na watoto wa kaka na dada. Mstari unakatwa hapo. Sisi kwetu binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa mama mdogo ni dada yako, basi, na mwanawe ni mwanao. Kiingereza kinawatupa wote kwenye kapu moja la mabinamu, na mtoto wa binamu hata alale kitandani kwako miaka kumi hayumo kwenye hiyo orodha. Hakuna mstari wa mama mkubwa kwenye fomu. Nimetafuta.

Nikampa yule bwana dola 400 taslimu, nikasaini kwenye simu yake, nikaondoka na mfuko wa dagaa. Siku hiyo hiyo nikamwahidi muuza kiwanja cha Kange kwamba nusu ya pesa ataipata mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu ikaja barua ya IRS, wakusanya kodi wa Marekani. Karatasi nene, namba CP75 pembeni. Inasema rifandi imezuiwa, nina siku 30 kuthibitisha watoto. Wote watatu! Hilo ndilo sikulijua: mtoto mmoja akitiliwa shaka, na pesa za wengine zinakaa. Nikampigia mtu wetu wa taksi. Iliita, iliita, wiki ya pili ikawa haipatikani kabisa. Nikatoa nakala yangu nikaisoma kwa mara ya kwanza, na pale chini panapotakiwa saini ya mtayarishaji palikuwa patupu. Imeandikwa nimejitayarishia mwenyewe. Nikakaa sakafuni.

Nikaenda shule kuomba barua ya kuthibitisha makazi. Karani akanipa siku ile ile, karatasi yenye nembo, jina la mtoto, anwani yangu, mwaka wa masomo ulioanza Agosti 2022. Nikatuma kwa furaha. Baada ya wiki nane jibu: haitoshi. Nikaisoma hiyo barua yangu mara kumi sioni kosa, mpaka mwanangu mkubwa akahesabu kwa vidole: "Mama, Agosti hadi Desemba ni miezi mitano." Wanataka zaidi ya nusu mwaka, na mwaka wao ni Januari hadi Desemba, wakati wa shule unaanza Agosti. Inabidi barua ishike miaka miwili ya masomo. Nikarudi kwa karani na keki. Akaandika upya, tarehe kwa tarehe. Nikaongeza karatasi za kliniki zenye anwani yetu, na vyeti vya kuzaliwa.

Vyeti vikamaliza kesi. Cha wanangu kina jina langu. Cha binti kina jina la mama yake, na cha mama yake kina jina la mama mdogo, si la mama yangu. Novemba pesa za wanangu wawili zikaja. Binti akahamishiwa kisanduku cha pili. Kiwanja cha Kange kilishauzwa tangu Juni, na aliyekinunua ameshapaua.

Lililoniuma zaidi si kiwanja. Mdogo wangu alisikia pesa zimekuja, hakusikia ni zipi. Akataka nusu ya mtoto wake. Nikamweleza, nikampigia picha barua, akasema, "Dada, wewe ni msomi, barua unaweza kuitengeneza." Krismasi alikuja kumchukua binti, hakuvua hata koti. Mpaka leo tunasalimiana kwenye kundi la familia tu, yeye anaweka picha ya maua, mimi naweka kidole gumba. Sijui kama anasoma hapa. Kama unasoma, nguo zake za shule bado ziko kabatini.

Mwaka uliofuata nikasema sasa najifailia mwenyewe. Nikatuma, kompyuta ikanirudishia: fomu 8862 haipo. Ukishanyimwa unafuu huu mara moja, kwa sababu isiyo kosa la hesabu, ukiuomba tena lazima uambatanishe hiyo. Na nilikuwa na bahati. Wakiona ulifanya kwa kupuuza sheria wanakuzuia kuuomba miaka miwili, kwa udanganyifu miaka kumi.

Sasa niseme, na wenye kukasirika wakasirike. Tuache kuambiana "muweke tu, hawajui". Wanajua. Ukimlipa mtu akufailie, sheria inamtaka awe na namba yake ya mtayarishaji na asaini. Asiyesaini kimbia, hata kama anasali na wewe, hata kama kwao ni mtaa wa pili kutoka kwenu. Hasa huyo! Tunamwamini mtu kwa lafudhi. Mimi siku hizi naenda VITA, vile vituo vya bure vya IRS vyenye watu wa kujitolea, cha kwangu kiko maktaba. Hawachukui senti. Mzee aliyenihudumia mwaka wa kwanza, mstaafu mwenye miwani ya kamba, hakuniuliza "ni nani wako". Aliuliza, "Wewe na mama yake mna mzazi mmoja?" Swali moja tu. Lingeniokoa miezi tisa.

Mambo ya mwaka huu nayasema haraka haraka. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imepandisha kiwango kutoka 2,000 hadi 2,200, lakini imefunga mlango mmoja: zamani mzazi mwenye namba ya ITIN, ile ya kodi kwa asiye na sosho, aliweza kumuombea mtoto mwenye sosho, sasa na mzazi lazima awe na sosho inayoruhusu kazi, kwa wanandoa wanaofaili pamoja mmoja wao anatosha. Sosho ya mtoto iwe imetoka kabla ya siku ya mwisho ya kufaili. Ikichelewa, omba muda kwa fomu 4868 kabla ya Aprili 15, unasogezewa hadi Oktoba 15. Usifaili ukidhani utarekebisha baadaye, kwa hilo hakuna kurudi nyuma. Watoto walioko Tanga, Goma au Kisumu hawamo, hata kama unawalipia ada zote. Na kama umefaili mapema hujaona pesa, tulia, sheria haiwaruhusu kuziachia hizi kabla ya katikati ya Februari. Usiende kukopa kwa rifandi.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia: kwenye 2,200 usimuweke. Ni binamu kwa hesabu yao. Lakini kama alilala kwako mwaka mzima wa 2025, Januari mosi hadi Desemba 31, unamhudumia kwa zaidi ya nusu na hakuna mwingine anayestahili kumdai kama mtoto wake, muweke kwenye 500. Barua ya shule ichukue sasa, ya miaka miwili ya masomo. Na mpigie mama yake kabla hujafaili, si baada, umwambie ni 500, na kwamba haziji mkononi.

Mimi mwenyewe mwaka huu nimemdai mmoja tu wa 2,200. Mkubwa wangu ametimiza miaka 17 Desemba 30, kwa hiyo kwa mwaka mzima ameshuka hadi 500. Nilipomweleza mezani hakuinua hata kichwa kwenye sahani. "Mama, si ungevumilia siku mbili tu ndiyo unizae."