Lisbon: pandeni mara moja, mshuke siku nzima

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza: mume na mke wenye siku moja tu katika mji wa Ulaya, wakitaka kuuzunguka kwa miguu, waanzie wapi na wajihadhari na nini? Najua wengi watawaandikia kuhusu Paris na Roma. Mimi najibu kwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa sababu ni mji unaowachosha wageni kabla adhuhuri haijafika, na kosa lao huwa ni lilelile. Wanahesabu kilomita, hawahesabu vilima.

Ramani ya simu huuonyesha mji kama meza. Itakwambia kutoka uwanja wa Rossio hadi ngome ya São Jorge si mbali, na kweli si mbali, ila ni mlima mtupu. Basi watu hupanda ngomeni asubuhi, wakashuka kula, wakapanda mtaa wa kilimani wa Bairro Alto alasiri, wakashuka tena. Jioni magoti hayataki na wawili hawasemezani. Dawa yake ni kupelekwa na basi hadi kilima cha juu kabisa asubuhi, halafu kuteremka polepole kuelekea mto Tejo.

Chagueni Jumanne au Jumamosi. Siku hizo soko la mitumba, Feira da Ladra, huwa limetandazwa Campo de Santa Clara, na makumbusho yako wazi. Jumatatu mengi hufungwa.

Kwenye viatu sitaki mzaha. Njia za miguu za Lisbon zimetengenezwa kwa vijiwe vya chokaa vyeupe vyenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, vikichanganywa na vyeusi kuchora maua na mawimbi. Vimesuguliwa na nyayo za watu miaka na miaka hadi vinang'aa, na vikilowa, hata kwa manyunyu tu, ni kama mtu kamwaga sabuni. Soli ngumu ya ngozi itakuangusha, kisigino chembamba kitanasa katikati ya vijiwe. Vaeni raba yenye soli laini ambayo mmekwisha kuizoea, msiinunue jana yake. Kwenye mteremko pigeni hatua fupi, mguu utue wote kwa pamoja. Mwenye buibui au gauni refu alishike pindo kwenye ngazi, na reli za tramu zikiwa na maji msizikanyage kabisa.

Kila mmoja awe na kadi yake ya usafiri. Wengi hununua moja wakidhani wataigonga mara mbili mashineni, haikubali. Tena kadi moja haichanganyi aina za nauli. Ukiisha kuitia fedha za kukatwa safari kwa safari, usijaribu kuitia na tiketi ya siku nzima kabla fedha hizo hazijaisha.

Saa mbili asubuhi muwe kituo cha metro cha Martim Moniz. Tramu maarufu namba 28 huanzia hapo, na foleni yake huanza mapema kuliko yenyewe. Humo ndani ndimo wachomoaji wanamofanyia kazi, kwa kuwa abiria wote macho yako dirishani. Mimi ningeiacha nikapanda basi la 734 hadi mtaa wa Graça. Mkishuka, kuna mwendo mfupi wa kupanda hadi Senhora do Monte, uwanja wa kutazamia mji, na hapo ndipo mmemaliza sehemu kubwa ya mlima wa siku. Asubuhi jua linakuwa mgongoni, kwa hiyo ngome, mapaa mekundu na daraja la mtoni vinatoka vizuri kwenye picha. Jioni mngekuwa mnapiga picha za mwanga tu.

Kutoka hapo teremkeni kupitia Graça na monasteri ya São Vicente hadi sokoni Santa Clara. Jengo jeupe lenye kuba kubwa chini ya soko ni Panteão Nacional, kanisa wanamozikwa mashuhuri wa taifa. Lilianza kujengwa mwaka 1682 likakamilika mwaka 1966, ndiyo maana Mreno akiona kazi isiyokwisha huiita kazi ya Santa Engrácia, jina la kanisa hilo. Ingieni. Humo amelazwa Eusébio, mwanasoka aliyezaliwa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, na humo pia yumo Amália Rodrigues, malkia wa fado, nyimbo za huzuni za Wareno.

Chini ya hapo unaanza mtaa wa kale wa Alfama. Jina ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto. Ni ndugu wa hamamu yetu, ile iliyouzaa mtaa wa Hamamni pale Mji Mkongwe wa Unguja. Aliyezoea vichochoro vya Lamu hatashangaa hapa, ila Lamu haina ngazi hizi. Zimeni ramani, kwani kati ya kuta hizi simu huruka kutoka kichochoro hadi kichochoro, na ndipo wawili huanza kulaumiana. Someni vibao. Rua ni mtaa wa kawaida. Travessa ni kipito cha kuunganisha mitaa miwili. Beco ni kichochoro, na mara nyingi hakina pa kutokea. Escadinhas ni ngazi, na njia inayoitwa Calçada tegemea mteremko mkali. Mkipotea shukeni tu. Kila mteremko wa Alfama mwishowe huwatoa mtoni. Lengo ni kutokea kwenye kiwanja cha Largo do Chafariz de Dentro.

Kuleni kati ya saa sita na nusu na saa tisa, maana baada ya hapo majiko mengi hufungwa hadi usiku. Kabla hamjaagiza, mhudumu ataweka mkate, zeituni na jibini. Si zawadi. Mkionja mnalipia, msipotaka mwambieni aviondoe, na hakuna atakayenuna. Kwenye orodha, dose ni sahani kamili na mara nyingi inawatosha wawili. Meia dose ni nusu. Asiyekula nguruwe aulize kuhusu banha, mafuta ya nguruwe, hata kwenye vitafunwa. Anayetaka chakula cha halali asubiri arudi Martim Moniz, kwenye mikahawa ya Wabangladeshi ya Rua do Benformoso. Na mkiwa mezani sikilizeni: mesa ni meza, lenço ni leso, vinho ni mvinyo, bandeira ni bendera. Igreja, kanisa, ndiyo iliyotuachia gereza.

Baada ya chakula ni tambarare tupu kando ya mto hadi uwanja mkubwa wa Praça do Comércio. Nyuma yake Baixa, mtaa wa bondeni, imenyooka kama imepigwa rula, kwa kuwa tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, na mawimbi na moto uliofuata, viliifuta. Walipoijenga upya walifumba kimia cha mbao ndani ya kuta ili nyumba iyumbe isianguke. Mitaa ilipewa majina ya kazi: Rua da Prata ya wafua fedha, Rua dos Sapateiros ya washona viatu. Kijana atakayewanong'oneza Rua Augusta kwamba ana bangi ni tapeli tu, msisimame.

Sasa mnahitaji kupanda mtaa wa Chiado, na hapa wengi walizoea kujipanga saa nzima kwenye lifti ya chuma ya Santa Justa. Ni nzuri kuitazama kutoka chini. Ninyi ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado kwa mlango wa Rua do Crucifixo, msipite kwenye mageti, fuateni ngazi za umeme hadi mlango wa juu. Mmefika kileleni bure.

Kutoka hapo ni kama dakika kumi kwa miguu hadi Santa Catarina, uwanja mwingine wa kutazamia, palipo na sanamu ya Adamastor, jitu ambalo katika mashairi ya Kireno lililinda Rasi ya Tumaini Jema. Jua huzamia upande wa daraja. Fikeni nusu saa kabla, maana kingo za kukalia hujaa.

Mtaa wa chini yake unaitwa Rua do Poço dos Negros, Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, na jina la mtaa linahusishwa na shimo hilo. Ni mfalme huyohuyo aliyemtuma Vasco da Gama katika safari iliyomfikisha Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kaburi la baharia huyo liko Belém, kilomita 6 magharibi, na watu hulilundika katika siku hiihii. Msifanye hivyo. Belém ni tambarare, ina foleni zake, na inataka asubuhi yake peke yake.

Shukeni kutoka Poço dos Negros hadi mtoni, geukeni kushoto, mfuate barabara ya chini hadi Cais do Sodré. Hapo kuna metro, laini ya kijani. Martim Moniz ni kituo cha tatu.