Batobato ya muhogo: kwa nini dawa haiviwezi virusi?

SWALI: Majani ya muhogo wangu yamejikunja na kupata mabaka ya manjano. Duka moja la pembejeo liliniuzia dawa ya ukungu, nikapulizia mara tatu bila kuona nafuu. Bwana shamba anasema ni batobato, na kwamba huletwa na virusi. Je, virusi ni wadudu gani hao, hata dawa isiwaweze?
Mkulima, Muheza

JIBU: Ndugu mkulima, pole sana kwa gharama hiyo. Virusi si wadudu, wala si bakteria, wala si ukungu. Kila kiumbe unachokijua, tangu mchwa hadi mbuyu, kimejengwa kwa seli, ambazo hupokea chakula, hukua na kujigawa. Kirusi hakina seli. Ni maelekezo ya kutengenezea virusi vingine, yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, na kile cha batobato ni kidogo mno: kina urefu wa nanomita 30 hivi, kiasi kwamba zaidi ya 30,000 vingepangwa mstari ndani ya milimita moja ya rula.

Nje ya seli hakifanyi lolote. Kikishaingia, seli ya jani huyafuata maelekezo yale kana kwamba ni yake, ikatengeneza virusi badala ya kuuhudumia mmea. Hapo ndipo dawa yako ilipokwama, kwa sababu dawa ya ukungu hushambulia mwili wa ukungu, ilhali kirusi hutumia mitambo ya muhogo wenyewe, na ukiivuruga mitambo hiyo umeua muhogo.

Ugonjwa huu si mgeni kwenu: ulielezwa kutoka milima ya Usambara mwaka 1894. Hebu tikisa matawi ya juu asubuhi, nawe utaona inzi weupe wakipeperuka kama vumbi la unga kutoka chini ya majani. Hao ndio wanaovihamisha virusi wanapofyonza utomvu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, wa kuangaliwa kwanza ni sisi wakulima, kwa kuwa virusi hukaa ndani ya shina, na kila pingili tunayomkatia jirani kutoka shina lenye ugonjwa huweza kwenda nao.

Kwa hiyo, ng'oa mapema miche inayoonyesha dalili, na msimu ujao chukua pingili kwenye mashina uliyoyakagua majani yakiwa bado mabichi, kwani shina likishapukutika huwezi kulitambua. Mihogo utakayoivuna itakuwa midogo, lakini kirusi hiki hakimwambukizi mtu anayeila.