Maswali na Majibu: Risasi na Mabomu Yakiwa Mikononi Mwetu Wenyewe

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: jeshi likiwa vitani, nani analinda askari dhidi ya mabomu yake mwenyewe? Nimezifupisha na kubakiza kiini.

Shikamoo mzee. Mdogo wangu ni askari, anasema ghala la silaha lina sheria kuliko kitu chochote kambini. Je, adui akiwa anapiga, kuna mtu ana muda wa sheria hizo? (Msomaji, Mtwara)

Marahaba. Waingereza waliwahi kulijibu swali lako kwa roho za watu wao. Tarehe 31 Mei 1916, katika pigano la Jutland kwenye Bahari ya Kaskazini, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari zao tatu kubwa, Indefatigable, Queen Mary na Invincible, zililipuka na kuzama siku moja. Mabaharia wapatao 3,300 walikufa humo. Makombora ya Wajerumani ndiyo yaliyozipiga, lakini kilichozipasua ni baruti iliyokuwa ndani yao.

Kabla ya hapo wakubwa walikuwa wamesisitiza mizinga ipige haraka kuliko ya adui. Ili kuokoa sekunde chache, mifuko ya baruti ilitolewa kwenye makasha yake mapema na kurundikwa njiani, na milango ya stoo iliyojengwa makusudi kuzuia moto ikaachwa wazi. Moto uliowaka juu kwenye mnara wa mzinga ulipata njia ya kushuka hadi chini kabisa ya meli.

Manowari ya nne, Lion, nayo ilipigwa mnara wake mmoja siku hiyohiyo, lakini haikupasuka. Meja Francis Harvey, akiwa amejeruhiwa vibaya kiasi cha kufa, aliamuru milango ya stoo ifungwe na maji yajazwe ndani. Wengi humkumbuka yeye, na anastahili. Mimi namkumbuka pia Alexander Grant, mkuu wa mizinga wa meli hiyo, ambaye miezi kadhaa kabla ya pigano alikuwa amerudisha utaratibu: baruti isitoke stoo mpaka ihitajike. Bila utaratibu wake, huenda amri ya Harvey isingekuwa na cha kuokoa.

Wajerumani walikuwa wamejifunza mapema zaidi. Januari 1915 moto wa baruti uliteketeza minara miwili ya manowari yao Seydlitz na kuua watu zaidi ya 150, wakapunguza baruti inayokaa nje ya stoo. Kwa hiyo siafikiani hata kidogo na anayesema sheria za ghala ni za wakati wa amani. Zimewekwa kwa ajili ya siku ambayo watu wamechoka, wana hofu na wanaharakishwa.

Inawezekanaje gari moja kuungua likateketeza kambi nzima? (Mwanafunzi, Morogoro)

Inawezekana magari yakiwa yamejazwa mabomu na kuegeshwa yakigusana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kambi ya Doha, Kuwait, tarehe 11 Julai 1991. Vita vya Ghuba vilikuwa vimekwisha tangu Februari, lakini kikosi cha Marekani kilichokuwepo kilitakiwa kuwa tayari wakati wowote, kwa hiyo vifaru na magari yake yalikaa na risasi ndani. Hita ya gari moja la kubebea makombora ya mizinga ya milimita 155 ilileta hitilafu, moto ukawaka. Askari walijaribu kuuzima wakashindwa, wakaamriwa kukimbia. Gari likalipuka na kurusha vibomu vidogo juu ya magari mengine, nayo yakaanza kulipuka moja baada ya jingine kwa saa kadhaa. Magari 102 yaliharibika au kuteketea, vikiwemo vifaru vya kisasa, na watu wapatao 50 waliumia.

Siku hiyo hakufa mtu. Waliokufa ni askari watatu, tarehe 23 mwezi huohuo, wakati wa kusafisha mabaki. Nawaomba vijana wanaosomea uokoaji walishike hili: moto ukizimika, hatari inabadilika sura tu.

Kinga yenyewe haina ufundi mkubwa. Gawanya shehena katika mafungu. Acha nafasi kati ya fungu na fungu, na palipo na greda au hata makoleo, inua tuta la udongo katikati, ili fungu moja likiondoka mengine yabaki. Tuta haliondoi mshindo wote, ila linakamata vipande vya chuma vinavyoruka chinichini, na hivyo ndivyo huwasha fungu la pili.

Tuliambiwa bomu lisilofungwa fyuzi halina madhara. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Si kweli. Bila fyuzi, yaani kifaa cha kulifyatua, bomu halilipuki kirahisi kwa kuanguka au kugongwa. Moto ni habari nyingine. Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, ndege zilikuwa zimepangwa zikiwa na silaha juu ya meli ya Marekani ya kubeba ndege, Forrestal. Hitilafu ya umeme ilifyatua roketi kutoka ndege moja, ikapasua tangi la mafuta la ndege nyingine, moto ukatanda.

Baadhi ya mabomu yaliyokuwa chini ya ndege hizo yalikuwa ya zamani, yaliyokaa miaka mingi kwenye joto huko Ufilipino, yakaletwa kwa sababu mapya yalikuwa yamepungua. Wataalamu wa meli walipoyaona walishtuka na kumwambia nahodha. Lakini bila mabomu hayo ndege zisingetimiza kazi ya kesho yake, yakapokelewa. Kikosi cha zimamoto, kikiongozwa na Gerald Farrier, kilikimbilia motoni kikiamini kina dakika kadhaa. Bomu la kwanza lililipuka baada ya dakika moja na nusu hivi. Farrier na wengi wa wenzake walikufa hapo hapo, na jumla ya waliokufa ilifika 134.

Roketi nayo ilikuwa na kinga iliyorukwa. Nyaya za kuifyatua zilipaswa kuunganishwa ndege ikiwa tayari kuruka. Ziliunganishwa mapema ili kazi iende haraka.

Je, kamanda ana haki ya kupuuza sheria hizo akiona inafaa? (Msomaji, Kampala)

Kuamua kubeba hatari ni kazi ya kamanda, sikatai. Kuna saa ambayo risasi lazima zikae karibu mno na askari, la sivyo adui anaingia. Katika majeshi ya NATO mtaalamu wa mabomu hupima kwanza: likilipuka hapa, hema lipi litakwenda, barabara ipi, hospitali ipi. Kamanda husoma, huamua, na hutia saini. Ninachokipinga ni hatari isiyojulikana ilikotoka, ambayo kila mtu aliikuta tu.

Nilikuwepo Mbagala mwaka 2009. Ghala lilipaswa kuwa mbali kiasi gani na nyumba zetu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pole sana. Maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto ikafuata tarehe 16 Februari 2011; kila mara walikufa watu zaidi ya 20.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu risasi na mabomu ina hesabu yake. Chukua uzito wa vilipuzi kwa kilo, tafuta kipeuo chake cha tatu (cha 1,000 ni 10, maana 10 × 10 × 10 ni 1,000), zidisha kwa 22.2, unapata mita hadi nyumba za watu. Kilo 1,000 zinadai mita 222. Kilo 8,000 zinadai mita 444, yaani mzigo mara nane, umbali mara mbili. Hapo ni mshindo tu. Vipande vya chuma huruka mbali zaidi, na roketi ikiwaka yenyewe haifuati hesabu hiyo hata kidogo. Kwa hiyo kipimo kinaanzia kwenye uzito wa kilichomo. Mzigo ukiongezeka, au nyumba zikisogea, hesabu hupigwa upya.

Jua kali linaharibu risasi? (Msomaji, Garissa)

Linaharibu. Baruti ya kusukumia kombora huchakaa taratibu, na ndani yake kuna dawa ya kuituliza ambayo joto huimaliza upesi. Dawa ikiisha, baruti inaweza kujiwasha yenyewe. Porini, inua makasha juu ya magogo, tandaza turubai juu yake ukiacha pengo la hewa, na usifute namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kasha. Risasi za toleo moja zikianza kuleta matatizo, ni kwa namba hiyo ndipo utazitambua nyingine zote na kuzisimamisha.

Huku kwetu mapigano yamepita, na watoto wanaokota vyuma shambani. Tufanye nini? (Mama, karibu na Goma)

Mama, anza na watoto leo hii. Tarehe 8 Novemba 2017, bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Wanafunzi watano walikufa na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Iliripotiwa kwamba mtoto mmoja aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza.

Wafundishe hivi: ukiona chuma usichokijua, simama, usikiguse, usikirushie jiwe, usikichome. Rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe. Weka alama inayoonekana kwa mbali, tawi au kitambaa, ukiwa mahali ulipo, bila kukisogelea. Kisha mwambieni chifu wa kijiji au watu wa kutegua mabomu. Kutu isiwadanganye, maana fyuzi iliyoota kutu inaweza kuwa dhaifu zaidi na kufyatuka kwa kuguswa kidogo. Na zungumzeni na wanunuzi wa vyuma chakavu wasipokee chuma cha vita kutoka kwa mtoto, kwa bei yoyote.