Umeme wa Bure Haupo: Maswali Yenu Kuhusu Joto na Nishati

Nimeona mtambo ambao mota inazungusha alteneta (kifaa cha kuzalisha umeme), alteneta inachaji betri, na betri inaendesha mota ileile. Fundi ananiuzia. Ninunue?

Usinunue. Swali hili naletewa kila mara, na jibu ni lilelile: nishati haiumbwi wala haiangamii, hubadilika sura tu. Mwanafizikia Mwingereza James Joule alilionyesha hilo miaka ya 1840 kwa kuteremsha vitu vizito vilivyozungusha makasia ndani ya maji, kisha akapima joto lililoongezeka. Katika mtambo wako mota inapata moto, nyaya zinapata moto, beringi zinasuguana, hivyo kinachorudi kwenye betri daima ni pungufu ya kilichotoka. Ukiufungia taa, utazima mapema zaidi. Usipozima, tafuta waya uliofichwa. Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza mwaka 1775 kwamba haitachunguza tena mashine za aina hii, na hadi leo watu wanauziwa! Inaniuma kwa sababu wanaotapeliwa ni wale wasio na umeme, ambao fedha hiyo ingewapatia paneli ndogo ya sola.

Mtungi unapoza maji bila umeme. Hiyo si nishati ya bure?

Si ya bure. Maji yanayopenya udongo hugeuka mvuke, yakachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mtungi haupozi vizuri.

Nikiacha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa?

Kitazidi joto. Friji huhamisha joto la ndani na kulitoa nyuma yake, likiwa limeongezewa la umeme inaotumia.

Maharage yakishachemka, nikichochea moto yataiva upesi?

Hapana. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 na hayapandi zaidi; unaongeza mvuke na kumaliza mkaa. Funika, punguza moto. Sufuria ya presha ndiyo hufika nyuzi 120 hivi.

Kwa nini mitambo ya mvuke wa ardhini kama ya Olkaria, Kenya, haigeuzi joto lote kuwa umeme? Wahandisi wamezembea?

Hawajazembea. Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba injini ya joto ina kikomo kinachotokana na tofauti ya joto kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Chukua mvuke wa nyuzi 227, yaani kelvini 500 (kelvini ni nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273), na hewa ya nyuzi 27, yaani kelvini 300. Gawanya 300 kwa 500, toa jibu kwenye 1: asilimia 40, hata mtambo ungekuwa hauna kasoro yoyote. Mtambo halisi hupata chini ya hapo. Wanafunzi, badilisheni kwanza kuwa kelvini! Wanaoingiza nyuzi za Selsiasi hupata asilimia 88, na walimu wengine wanazipitisha.

La kulalamikia ni joto linalobaki kumwagwa hewani wakati lingeweza kukausha nafaka au kupasha maji ya hospitali. Naivasha kuna shamba la maua linalopasha vitalu vyake kwa joto la ardhini, kwa hiyo teknolojia tunayo.